Panda, Mzaramo!

Joseph, mpwa wake Mzee Maganga, alinipigia simu nikiwa bandani nawapa kuku maji. Nilijua kabla hajasema, maana Joseph ni mtu wa ujumbe mfupi, hapigi simu asubuhi. "Mwalimu Tatu, shikamoo. Mjomba ametuacha." Nikamwitikia, nikampa pole, nikauliza mazishi yatakuwa wapi. Akasema hapahapa Kisarawe, mjomba mwenyewe aliagiza hivyo, hakutaka kusafirishwa mpaka Tabora. Kisha akaendelea kwa sauti ya mtu anayeomba. "Tunaomba uje na chombo chako. Wazee huku wanasema wewe ndiye mtani wake mkuu, na ule wito ni wako." Nilikaa juu ya ndoo niliyokuwa nimeishika. Nimevuka sitini sasa. Nimepuliza saksafoni kwenye kumbi ambazo nyingine leo ni maghala ya saruji, nimefundisha wasichana hapa Kibaha mpaka nikastaafu, na sikumbuki kuogopa kupuliza kama nilivyoogopa asubuhi ile hapahapa kwangu Mbwawa. Sisi Wazaramo tunataniana na Wanyamwezi tangu enzi za misafara, na mtani kazi yake msibani inajulikana: awachekeshe wafiwa, amsumbue marehemu, azuie hata jeneza lisipite. Mimi sikuwa na kichekesho hata kimoja.

Neema alikuja kunichukua na gari lake. Huyu alikuwa mwanafunzi wangu, na sasa anapuliza vizuri kuliko mimi, nalisema hili bila wivu wowote. Tulizungukia Pugu, saksafoni nimeipakata mapajani badala ya kuiweka nyuma, na tulipoanza kupanda vilima vya Kisarawe akaniuliza, "Mwalimu, eti huyu mzee alikuwa mkali kweli?" Nikamwambia mkali ni neno dogo, angoje nimsimulie mwaka mmoja tu, ule niliokaa naye nyumba moja. Huo ndio ninaouandika hapa. Ya kwetu, nani alinizaa na nani alinilea, nayaacha, kwa sababu mtu ninayejivunia kuwa leo alianza mwaka huo.

Nilikuwa nimehamia kwa Shangazi Mwajuma baada ya kidato cha nne kunishinda. Ilikuwa miaka ya foleni, sukari kwa kadi, sabuni kwa kujuana. Nyumba ya shangazi ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa upande wa barabarani tu, kwa heshima ya wapita njia, na sisi wa ndani tukaachiwa wekundu wetu wa udongo. Ukiingia, chumba cha kwanza kushoto alikuwa amepanga Maganga. Alikuwa Mnyamwezi mrefu, wa makamo, shati limenyooka hata siku ya kwenda shamba. Bendi yake ya mjini ilikuwa imevunjika, mwenye vyombo akachukua magita yake na ngoma zake, na Maganga akabaki na saksafoni kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe. Akaja Kisarawe kulima mananasi. Chumbani mwake mlikuwa na kitanda cha kamba, redio isiyo na betri, picha ya wanaume waliovaa suti zinazofanana, na chini ya kitanda sanduku jeusi ambalo nilikatazwa kuligusa hata kwa ufagio. Nilifagia kwa kulizunguka, hata vumbi lake likabaki na umbo la sanduku.

Waliokuwa vijana kabla yangu walimzungumzia Maganga kwa kushusha sauti, hasa akina mama. Walisema muziki ulipokuwa haujaanza, ukumbi umejaa na watu bado wamekaa wanaoneana haya, Maganga alisimama peke yake mbele, akapuliza sauti chache tu. Huo ndio uliitwa wito. Baada ya wito hakuna aliyebaki kwenye kiti. Bendi nyingine zilijaribu kuuiga, wapulizaji wao wakaupiga wakaukosa, na watu wakawacheka. Nyimbo za bendi yake zilirekodiwa redioni, lakini wito haukurekodiwa kamwe, maana ulikuwa wa ukumbini, kabla ya wimbo. Ulikuwa mdomoni mwake tu, na kwenye masikio ya waliousikia. Jioni nyingine alikuwa akiutoa pale barazani, mara moja, kisha anafunga sanduku, na jirani aliyekuwa anakuna nazi alisahau mkono juu ya mbuzi.

Siku moja ya masika akatoka shamba na fenesi kubwa, amelifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mgomba. Kwenye mteremko, kamba ikalegea, fenesi likahamia upande mmoja, baiskeli ikalifuata. Fenesi lilifika chini zima. Meno ya mbele ya Maganga hayakufika, na mdomo wake wa juu ulichanika hadi karibu na pua. Walimshona, wakamrudisha nyumbani amevimba uso mzima. Shangazi Mwajuma akasimama mlangoni mwake, mikono kiunoni, akamwambia, "Mnyamwezi, babu zako wamebeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe leo umeshindwa na fenesi!" Tukangoja jibu. Maganga aligeukia ukutani. Hapo ndipo nyumba nzima ilipoogopa, maana hatukuwahi kumwona Mnyamwezi yule akiachia utani upite bila kuurudisha. Baadaye nilimsikia shangazi akimnong'oneza jirani kwamba tabibu amesema kidonda kitapona, ila nguvu ya kubana mdomo kwenye chombo chake huenda isirudi tena. "Basi ule wito ndio umekwisha," jirani akasema, na shangazi hakubisha.

Wiki zilizofuata nilimpelekea uji asubuhi na mchuzi wa kisamvu mchana. Alikula kwa upande mmoja wa mdomo, hasemi. Wakati mwingine nikiwa koridoni namsikia anauimba wito kwa ndani, kwa pua, akifika mahali fulani anakatiza na kuanza upya, kwa namna mtu anavyopapasa mfuko kuona kama ufunguo bado upo. Nilikuwa na majonzi yangu ya kufeli, nikadhani hakuna mwenye mzigo kunizidi, lakini nikimsikia vile nilijisahau.

Shangazi alikuwa kungwi, na si kungwi wa kubahatisha. Mwali aliyepita mikononi mwake alijulikana hata kwa kutembea. Mwaka huo alikuwa na mwali mmoja ndani, Siwema, na siku ya kumtoa ilikuwa baada ya mavuno. Asubuhi moja nikiwa jikoni napuliza moto, kuni mbichi, macho yananitoka machozi, nikamsikia mama yake Siwema uani akizungumza na shangazi kwa sauti ya kukata shauri. "Mimi mwanangu simtoi kwa ngoma tupu, dada. Baba yake Siwema nilimwona mara ya kwanza pale ukumbini, mdomo wa bata ulipolia. Niliweka nadhiri. Mwali wangu atatoka kwa wito wa Maganga." Mdomo wa bata ndilo jina tuliloipa saksafoni, kwa umbo lake. Shangazi akamjibu, "Kwanza Maganga ni mwanamume, na uani kwa mwali mwanamume hatii mguu, awe nani. Pili, na mdomo ule atapuliza nini? Hata uji unamvuja." Mama yake Siwema akaanza kulia, kilio cha kudai, si cha huzuni.

Ndipo dirisha la Maganga likafunguka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema tangu aanguke, na maneno yalimtoka na upepo pembeni. "Mpeni huyo anayepuliza jiko."

"Nani?" Shangazi akauliza.

"Huyo mtoto wenu. Kila siku ananiamsha, nami nalala namsikiliza. Anatoa pumzi moja mpaka kuni mbichi zinasalimu amri. Ana kifua huyo. Nitamfundisha mimi, na yeye si mwanamume, uani ataingia."

"Mtoto wa Kizaramo apulize mdomo wa bata?"

"Mzaramo kupiga kelele hafundishwi, Bi Mwajuma. Anaelekezwa tu."

Shangazi alicheka mpaka akashika nguzo, na nikajua anacheka kwa sababu Mnyamwezi amerudi. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilitoka jikoni na masizi usoni, wakanitazama wote watatu, jambo limeshaamuliwa.

Chombo chenyewe sikukigusa kwa muda mrefu. Nilipewa koroboi. Niliwekwa mbele ya utambi unaowaka mchana kweupe, nikaambiwa niupulize mwali wa moto ulale upande, ulale hivyohivyo bila kucheza na bila kuzimika, mpaka pumzi iishe. Ukizimika, naanza upya. Ukitikisika, naanza upya. Shangazi alilalamikia mafuta ya taa, Maganga akamwambia ahamishie lawama kwa fenesi. Kisha nikapewa kile kipande cha juu tu cha kutia mdomoni, kilichofungwa kijiti chembamba cha tete kinachotetemeka na kutoa sauti. Vijiti vya dukani havikupatikana miaka ile, hata kwa magendo, kwa hiyo Maganga aliteremka bondeni mwenyewe kukata matete, akayachonga kwa wembe na kuyalainisha kwa jani la msasa, akijaribu unene wake kwa ukucha. Sauti niliyoitoa siku ya kwanza ilimfanya mbuzi wa jirani aitikie. Sisemi hivyo kuchekesha, aliitikia kweli, na Maganga akasema angalau kuna mmoja aliyenielewa.

Nilipofika kwenye wito wenyewe ndipo nilipomjua. Ulianzia chini, ukatembea kidogo, ukafika mahali ambapo kila sikio lilitegemea ushuke upumzike, na palepale ukapanda. Mimi nilishuka. Kila mara nilishuka. Maganga alikuwa akikaa chumbani, mimi barazani, na nikifika pale tu ukuta unapigwa ngumi: "Panda! Panda, Mzaramo! Unashuka kwenda wapi? Kuna pilau huko chini?" Nikirudia, nikishuka tena, ngumi tena. Mji mzima ulisikia. Nikienda kisimani, wenzangu wananiuliza kama nimepanda leo. Nikipita sokoni, muuza mihogo ananipazia sauti, "Tatu, panda!" na wateja wake wanaitikia kuhusu pilau. Wapo walioanza kuuimba wito wenyewe wakiwa shambani, wanaukata palepale pangu na kumalizia kwa "panda!" Nilichukia. Kuna siku nilikilaza chombo kitandani kwake nikamwambia sitaki, sina kipaji, hata mtihani nilifeli, atafute mwingine.

Hakunifokea. Alikuwa na sahani ya mihogo ya kuchemsha na chai ya mchaichai isiyo na sukari, akanisogezea nusu. Tulikula, yeye akitafuna kwa magego. Nikamuuliza kwa nini lazima pale papandwe, wakati sikio lenyewe linataka kushuka. Akafikiri. "Mtu anayekuja dansini ametoka kazini," akasema. "Amesimama foleni mchana kutwa, akifika dirishani anaambiwa imekwisha. Kila kitu kwake kinashuka, amezoea. Sasa asikie kitu kimoja, kimoja tu, kinapanda pale ambapo hakutegemea. Atasimama. Hata ukimfunga kwenye kiti atasimama nacho." Akanywa chai. "Na wewe umefeli, sawa. Umeshuka. Ndiyo maana nataka uupige wewe." Nilimpenda mzee yule kuanzia hapo, na sikuona haya kulia mbele ya sahani yake ya mihogo. Akaniambia nikimaliza kulia niende barazani.

Siku ya kumtoa Siwema uani palifurika. Yanayosemwa na kuimbwa mbele ya mwali siyaandiki, hayo ni ya wenyewe, na shangazi yangu angefufuka. Nitasema tu kwamba palizungushiwa makuti mapya, na upande wa nje wa makuti walikaa wanaume, wametulia, wanangoja pilau. Maganga alikuwa miongoni mwao, kiti chake amekisogeza hadi kinagusa makuti. Mimi nilisimama ndani nimevaa khanga za shangazi, saksafoni ya mwanamume aliyezuia pumzi nyuma ya ua imening'inia shingoni mwangu. Ngoma zikanyamaza. Siwema alikuwa mlangoni, kichwa ameinamisha, na mama yake amejishika kifua. Nikaanza chini. Nikatembea kidogo. Nikafika pale, nikahisi pumzi inataka kuteremka yenyewe, na kabla haijateremka makuti yakatikisika na sauti isiyo na meno ikaruka juu ya ua: "Pandaaa!"

Nikapanda. Sijui nilipanda kwa nguvu ya nani, lakini sauti ilikwenda juu ikakaa huko, na wanawake waliokuwa wamekaa wote walikuwa wamesimama. Mama yake Siwema alipiga kigelegele kilichomkata sauti kwa siku kadhaa. Ngoma zikadaka palepale, Siwema akainua uso, na baada ya hapo nilipuliza mpaka midomo ikafa ganzi. Shangazi alisubiri shughuli iishe, akatoka nje, akamwambia Maganga sauti ya mwanamume imeingia kwa mwali na kwa hiyo anatozwa kuku. Maganga alitoa jogoo wawili, akisema wa pili ni wa furaha, na kama shangazi ana faini nyingine ailete. Usoni hakuwa na haja ya kuficha pengo. Alinitazama mbele ya wanaume wote wa Kisarawe akasema, "Huyu ni wangu." Nimewahi kupigiwa makofi na watu wengi tangu hapo, sijasikia maneno matamu kama hayo.

Mwaka uliofuata alikwenda hospitali ya Tumbi akatengenezewa meno ya bandia, na polepole akarudi kupuliza. Alipuliza miaka mingi, kwa upole, sauti za chini. Alifundisha vijana kutoka Maneromango, Chanika, mpaka huku Kibaha, na leo ukisikia bendi ya harusi mkoani Pwani yenye mpulizaji anayejua kungoja, muulize amejifunza kwa nani, utafika kwa Maganga au kwa mtu wa Maganga. Lakini wito hakuupiga tena. Walimwomba, hata waheshimiwa walimwomba kwenye sherehe zao, akawajibu, "Ule una mwenyewe. Mwiteni." Nami nikaitwa. Niliuingiza kwenye kumbi za mjini nilipoajiriwa kwenye bendi, msichana peke yake kati ya wanaume, na ukumbi ulisimama. Kila nilipokwenda kumsalimia Kisarawe nilimpulizia, na kwa makusudi nilishuka pale, ili tu apige ngumi ukutani. Hakuwahi kukosa. Hata mwaka jana, akiwa hatoki kitandani, alipiga.

Tulipofika na Neema, msiba ulikuwa umejaa mpaka barabarani. Watani wenzangu walikuwa wameshaanza kazi. Mzee mmoja wa Kizaramo alivaa koti la Maganga na kofia yake, akawa anapanda baiskeli isiyokuwepo na fenesi lisilokuwepo, anaanguka mbele ya jeneza, anatafuta meno yake kwenye nyasi huku wafiwa kutoka Tabora wakifuta machozi ya kilio na ya kicheko kwa kitambaa hichohicho. Katekista alisubiri kwa subira; ameishi Kisarawe siku nyingi. Sala ziliposomwa na jeneza likasogezwa kwenye kaburi, nilitoka mbele nikasimama njiani. "Hapiti mtu," nikasema. "Mnyamwezi huyu amenitesa, nami namdai usikivu. Anisikilize kwanza." Watu wakacheka.

Nikaanza chini. Nikatembea kidogo. Nikafika pale, nikashuka.

Nikangoja. Nililitazama jeneza nikalikemea, "Haya, sema! Leo husikii?" Wachache wakacheka. Nikaurudia, nikashuka tena, mbaya kuliko mara ya kwanza. Hakuna aliyecheka. Ukuta haukupigwa. Hapo ndipo kifo cha mzee yule kiliponifikia, si kwenye simu, si njiani, na nikaona utani wangu umeniponyoka na sina pumzi ya kuumaliza. Neema alipiga hatua kunijia. Nikatikisa kichwa, nikainua chombo mara ya tatu, nikaanza, na nikajua kabla sijafika pale kwamba nashuka, sasa si kwa utani.

"Panda, Mzaramo!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kutoka kwenye mikeka ya akina mama. Nikageuka. Alikuwa Siwema, bibi mzima sasa, fimbo mkononi, amesimama. "Unashuka kwenda wapi? Kuna pilau huko chini?" Na kabla hajakaa, wakadaka wengine, muuza mihogo wa zamani, vijana ambao hawakuzaliwa mwaka ule, wapulizaji waliokuja na vyombo vyao, Joseph na Watabora wake ambao sikujua wamefundishwa na nani, msiba mzima ukapiga kelele, "Panda! Panda!" Wengine waliuimba wito wenyewe, kila mmoja kwa sauti yake, na hakuna hata mmoja aliyekosea pale. Nilisimama katikati yao nikimsikia mzee wangu kila upande.

Nikavuta pumzi, ile ya jikoni, ya kuni mbichi. Nikaanza chini, nikatembea kidogo, nikafika pale.

Nikapanda.